Bei ya MacBook Air imeshuka: tuuze hisa za Apple?

> MacBook Air (laptopu ya Apple) yenye prosesa ya M4 ilitoka Machi 2025 kwa dola 999, na iliyoitangulia ilianza kwa 1,099. Kampuni ikishusha bei ujue wateja wanaikimbia. Mimi nauza.

Kaka, usiuze kwa sababu hiyo. Dola 999 ilikuwa bei ya kuanzia tu; faida iko kwenye nyongeza. Angalia Mac mini ya M4 (kompyuta ndogo ya mezani): ilitoka 2024 kwa dola 599, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 na diski ya GB 256. Ukitaka diski ya GB 512 ulikuwa unaongeza dola 200, ukitaka RAM ya GB 24 unaongeza 200 nyingine, na sehemu kubwa ya pesa hiyo ni faida. RAM imefungwa pamoja na prosesa, haiongezwi baadaye, kwa hiyo mnunuzi analazimika kuamua siku ileile, na wengine huchukua zaidi ya wanachohitaji. Ukikadiria mapato kwa kuzidisha 999 kwa idadi ya mashine utakosea. Idadi yenyewe nayo huipati: Apple iliacha kuitangaza kuanzia mwaka wa fedha 2019.

> nyongeza ndiyo faida

Sawa dada, lakini Mac, yaani kompyuta za Apple, haibebi hisa hii. Mwaka wa fedha 2022 iliingiza dola bilioni 40.2, mwaka uliofuata 29.4, na hisa haikuanguka. Someni taarifa ya mwaka 2024: mapato yote bilioni 391, huduma (duka la programu, hifadhi ya mtandaoni na kadhalika) bilioni 96.2. Faida ghafi (mapato ukitoa gharama ya kutengeneza au kutoa kinachouzwa) ya huduma ilikuwa karibu asilimia 74 ya mapato yake, ya vifaa 37. Yaani robo ya mapato ilileta karibu asilimia 39 ya faida ghafi yote. Laptopu ya bei nafuu ni mteja mpya wa huduma hizo kwa miaka kadhaa, na ndiyo maana sioni ubaya wa punguzo lile.

Ninachokiogopa mimi ni bei ya hisa yenyewe. Kati ya 2022 na 2023 faida halisi ilishuka kutoka bilioni 99.8 hadi 97.0, ila faida kwa kila hisa ikapanda kutoka 6.11 hadi 6.13. Kampuni ilinunua hisa zake, zikabaki chache za kugawana. Ukitazama faida kwa hisa peke yake utadhani biashara imekua. Siku zote weka jumla ya faida pembeni yake.

Mwaka 2024 faida kwa hisa ilikuwa 6.08, ukiondoa kodi ya mara moja ya Ireland ni 6.75. Hisa ikiwa dola 200, unalipa mara 33 au karibu mara 30 ya faida hiyo ya mwaka. Kwa kampuni ambayo faida yake haikukua kwa kasi kati ya 2022 na 2024, hiyo ni ghali. Anayetaka kupunguza apunguze kwa hesabu hii, si kwa bei ya laptopu.

Kwa tulio nje ya Marekani na si raia wake: hakikisheni fomu ya W-8BEN (ya kodi ya Marekani, inayoonyesha kuwa wewe si raia wala mkaazi wa huko) kwa dalali wako wa hisa haijaisha muda. Inakoma mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini. Ikiisha, gawio linakatwa asilimia 30, wakati mkaazi wa Uingereza alipaswa kukatwa 15.