Yule msimuliaji wenu kanila buku mbili na kunitukana juu!

Wakuu habari zenu. Mimi yangu si nzuri.

Yule jamaa mnamjua, simtaji, wapambe wake wamejaa humu. Yule wa simulizi za kusikiliza kwenye simu, sauti nzitooo, anayekurudishia ya jana robo saa nzima, ukifika ya leo bando limekata. Mwanamke, mtoto, jambazi na mbwa wote anawatoa kwa pua ileile.

Nimemvumilia. Foleni ya Kimara na yeye, jikoni na yeye, hadi mke wangu akauliza hilo lidume linalokunong'oneza usiku ni nani. Simulizi ilianza wakati wa masika, sasa tunaisubiri vuli na muuaji hajulikani. Jana ndiyo ikaja sehemu ya mwisho. Hiyo haitoki bure, unatuma buku mbili ndiyo anatupia faili kwenye grupu. Nikatuma. Na ya kutolea nikaweka!

Sasa sikilizeni. Tuko Moscow, saa nane usiku, theluji inaanguka. Mlango kriiii (kriiii hiyohiyo tangu sehemu ya kwanza, hata hema lilifunguka kriiii). Mpelelezi kashika bastola. Jamaa anashusha sauti: "Na aliyesimama pale mlangoni hakuwa mwingine, bali ni..."

"VYUMA CHAKAVU! BETRI MBOVU! FRIJI MBOVU! TUNANUNUAAA!"

Spika ya toroli. Moscow. Saa nane usiku! Jina limemezwa lote. Toroli linapotokomea, mpelelezi ameshalia, ameshasamehe, muziki, "asante kwa kuwa nami". Nimerudisha nyuma, nimebandika sikio kwenye simu, nimempa hadi mtoto wa jirani mwenye masikio mapya. Wapi! Aliyesimama mlangoni ni friji mbovu.

Maana yake hata kuisikiliza kabla ya kuirusha hakuisikiliza. Angerudia sentensi moja. MOJA!

Nikamuuliza kistaarabu kwenye grupu, "Kaka, pale mlangoni alikuwa nani?" Akanijibu mbele ya kadamnasi: "Mzee nunua hedifoni, achana na hizo za buku za kituoni." Wakacheka. Halafu akanitoa. AKANITOA! Na muuaji simjui!

Mwenye faili safi aweke hapa. Nimefura.

Mla_ubuyu: Buku mbili ndiyo uzi wote huu? Weka namba tukuchangie, mzee wa friji mbovu.

Bosi wa Tandale: 😂😂 Kwenye ile ya New York mimi nilisikia kuku anatetea kataga. Nikanyamaza.

Babu Kaunta: Vijana mmepatikana. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza RTD 1993, yule dereva Mkwaju na lori lake ungedhani kapaki uani kwako. Kila mhusika na mtu wake, na hukutuma senti. Siku hizi mtu mmoja na simu moja anajiita studio.

Fundi Mitambo: Mnaongea tu. Mimi narekodi, chumba cha kupanga Manzese. Feni unazima, blanketi dirishani, jasho linadondokea karatasi, ukifika patamu mama mwenye nyumba anawasha blenda. Unasema ngoja usiku, usiku baa ndiyo inafungua. Nikarekodie wapi?

Mla_ubuyu: Hama.

Dada wa Tabata: Mwenzangu afadhali wewe mwisho umeuona. Wangu wa mahaba kamwacha bibi harusi kanisani, kahamia kuuza mafuta ya nywele. Mpaka leo binti kasimama na shela lake.

Mleta uzi: Jamani MUUAJI NI NANI??

Mla_ubuyu: Pasi mbovu.

Bosi wa Tandale: Hivi hao wa vyuma kilo wanachukua bei gani siku hizi? Nina geti la zamani.

Dada wa Tabata: Usithubutu. Mizani yao imechezewa, sufuria langu la pilau lilipimwa likaja jepesi kuliko mfuniko wake.

Fundi Mitambo: Si uwaitie Wakala wa Vipimo?

Dada wa Tabata: Mpaka wafike, jamaa na toroli yuko Buguruni.

Babu Kaunta: Bosi, hilo geti lina upana gani? Nipo Sinza, usiliuze kwanza. Nakuja PM.