Batiki ya kufunga nyumbani: rangi imetoka yote tulipofua, tumekosea wapi?

MamaWatatu (Sakina, Arusha)

Wanajamvi, habari za jioni. Katika likizo hii ya Juni, mimi na baba watoto tuliamua kutengeneza batiki ya kufunga pamoja na watoto wetu watatu, wenye miaka 6, 9 na 13, ili wasishinde mbele ya runinga kutwa nzima. Tulinunua fulana tatu nyeupe za mtumba pamoja na vipakiti vya rangi ya unga kutoka sokoni, ambavyo havikuwa na maandishi yoyote. Tulizifunga kwa raba bendi, tukachemsha maji, tukatia rangi, chumvi ya kutosha na nusu kikombe cha siki kama video moja ilivyoelekeza, kisha tukazichovya kwa muda wa saa nzima. Zilipokauka zilipendeza mno, hata mdogo wao akalala na yake.

Tulipozifua kwa mara ya kwanza, maji yaligeuka mekundu kama juisi ya rozela. Fulana mbili zimebaki na uwaridi uliofifia, ya tatu imerudi kuwa nyeupe karibu kabisa, na soksi za shule zilizokuwa katika beseni hilohilo ndizo zilizopata rangi nzuri kuliko zote. Ninaomba kujua kama tatizo lilikuwa rangi, kitambaa au namna tulivyochovya. Vilevile nimeambiwa kwamba mafundi hutumia kostiki soda, nami ninaiogopa kwa sababu ya watoto. Je, ipo njia nyingine?

FundiWaPasua (Moshi)

Pole sana, mama. Huu ni mwaka wangu wa 15 katika kazi ya batiki, na kwa maelezo yako ninaona makosa mawili yaliyokutana siku moja.

La kwanza ni rangi. Vipakiti visivyo na maandishi mara nyingi huwa ni ile rangi ya kupikia ukindu wa mikeka na vikapu. Ukindu huipokea vizuri, lakini pamba haina pa kuishikia, kwa hiyo hukaa juu juu tu na kuondoka na maji ya kwanza. Unaponunua, mweleze muuzaji kwamba unataka rangi ya nguo za pamba, na umuulize inachovywa kwa kostiki au kwa magadi. Akishindwa kujibu, nenda duka lingine.

La pili ni kitambaa. Fulana iliyorudi nyeupe inawezekana kabisa kuwa ni poliesta au ina poliesta nyingi, na rangi za pamba haziingii humo hata ukichovya wiki nzima. Mimi huchomoa nyuzi chache kwenye pindo na kuzichoma kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu laini la kijivu. Poliesta husinyaa, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona yote mawili, ujue umeuziwa mchanganyiko, ambao utatoa rangi hafifu. Kwa kujifunzia, mita mbili za bafta au marekani zitakufaa kuliko fulana, ila uzifue kwanza kwa maji moto na sabuni, kwa kuwa kitambaa kipya huwa na wanga wa kiwandani unaozuia rangi.

Sasa kuhusu kostiki, hofu yako ni ya haki. Sisi tunaotumia rangi za vati hatuwezi kuikwepa, kwa sababu rangi hizo haziyeyuki katika maji mpaka uzitie kostiki pamoja na haidro, yaani kemikali ya unga inayosaidia kuziyeyusha. Ndani ya ndoo utaiona rangi usiyoitarajia, na ile halisi hujitokeza ukishaitoa nguo na kuiacha ipate hewa. Ni jambo linalofurahisha kulitazama, nakiri, lakini si kazi ya mtoto wa miaka 6. Kostiki hutiwa ndani ya maji taratibu, na kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kurukia uso. Usiitie katika sufuria ya aluminiamu, ambayo huliwa na kutoa gesi inayowaka. Haidro nayo ikipata unyevunyevu kidogo kwenye kopo huweza kupata joto hadi kushika moto. Kwa nyumba yenye watoto, achana na vati na utafute rangi za riaktivu, zile zinazochovywa kwa magadi badala ya kostiki.

Mwisho, badala ya raba bendi tumia nyuzi zinazochomolewa kwenye viroba. Hazinywi rangi, hukaza sana, na hazigharimu kitu. Watoto wafunge punje za maharage au vijiwe ndani ya kitambaa ili watoe miduara midogo, na huyo wa miaka 13 anaweza kukunja kama feni. Katika kazi yote hii, kufunga ndiko kwenye ufundi, na hapo mikono midogo hutushinda sisi wakubwa.

MwalimuWaKemia (Ngaramtoni)

Ninaunga mkono ushauri wa fundi, nami niongeze kuhusu chumvi na siki, kwa sababu kosa hili linarudiwa sana. Chumvi huisukuma rangi itoke ndani ya maji na kuusogelea uzi, lakini haiifungi. Siki ni tindikali, na tindikali husaidia pale rangi inapochovywa kwenye sufu au hariri. Rangi ya riaktivu inahitaji kinyume chake, yaani alkali, ndipo iungane na pamba yenyewe na kuwa sehemu ya uzi. Alkali inayotumika ni magadi soda.

Hapo pana mtego wa jina. Ukiomba magadi soda katika duka la mtaani, aghalabu utapewa ile ya jikoni, ambayo ni bikaboneti, na nguvu yake haitoshi. Unayoihitaji ni kaboneti. Ukiikosa, chukua hiyo ya jikoni na uikaange kavu katika kikaango cha chuma, ukikoroga. Itatoa gesi na mvuke na kuonekana kama inachemka ingawa ni unga mkavu, na ikitulia kabisa itakuwa imegeuka kaboneti. Uzito wake utapungua kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo pima baada ya kukaanga. Vaa glavu, kwani nayo huwasha ngozi.

Yeyusha takriban gramu 60 kwa lita moja ya maji, loweka nguo zilizofungwa kwa dakika 20, kamua, kisha mimina rangi. Vijiko viwili vya chai vya unga wa rangi katika robo lita ya maji hutoa rangi iliyokolea. Mtu mzima ndiye akoroge unga huo, akiwa amefunika pua kwa barakoa, na watoto wamimine ikiwa tayari ni maji. Acha nguo zikiwa mbichi ndani ya ndoo yenye mfuniko hadi kesho yake. Rangi hizi hupenda joto la zaidi ya nyuzi 20, na usiku wa Juni hapa Arusha hauna joto hilo, hivyo fungia ndoo blanketi kuukuu na uiweke jikoni. Suuza kwanza kwa maji baridi, halafu kwa maji moto na sabuni mpaka maji yawe meupe.

MzeeWaTengeru

Kwa nini kemikali zote hizi? Sisi nyumbani tulichovya kwa manjano ya kupikia na nguo ikawa njano safi.

MwalimuWaKemia (Ngaramtoni)

Shikamoo mzee. Manjano hushika pamba kwa urahisi kweli, na kwa mtoto mdogo ni mwanzo mzuri. Udhaifu wake ni jua, ambalo huififisha upesi, na sabuni ya mche, ambayo kwa alkali yake huigeuza kuwa hudhurungi yenye wekundu. Shabu husaidia kiasi, lakini haiondoi tatizo la jua.

MamaWatatu (Sakina, Arusha)

Ninawashukuru sana. Mama mkwe wangu wa Moshi ana magadi ya mawe ya kupikia kiburu, yatokayo Ziwa Natron. Je, hayo hayafai?

MwalimuWaKemia (Ngaramtoni)

Hayo ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, pamoja na udongo wake, kwa hiyo yako katikati kwa nguvu. Yayeyushe, uyachuje kwa kitambaa, na ujaribu kipande kidogo kabla ya kuhatarisha nguo nzima. Au yakaange kama nilivyoeleza.

FundiWaPasua (Moshi)

Kuhusu soksi, ambazo sote tumezisahau: kama ni za pamba, ziloweke katika jiki iliyochanganywa na maji mengi baridi, kisha uzisuuze vizuri. Kama ni za nailoni usizitie jiki, zitageuka njano. Zifue kwa maji moto na sabuni mara mbili tatu, na zisipotoka, mwachie mtoto azivalie viatu vya mvua.