Nimeona injini za wizi zinapofichwa, naripotije bila kujulikana?

Mzee wa Mwalo (mwanzisha uzi)
Wakuu mwakeye. Niko Kigoma mjini, upande wa ziwani, mtaa siutaji. Huku kwetu injini za mitumbwi zinaibiwa balaa, mtu anarudi na dagaa zake alfajiri anafunga chombo analala kidogo, akiamka injini haipo, na injini siyo kitu cha kusema wiki ijayo nitanunua nyingine, wengine wamekopa vikoba na marejesho hayasubiri. Sasa juzi usiku nimetoka kwenda chooni (choo chetu kiko nyuma kinaangaliana na ua wa jirani) nikaona guta linashusha mizigo miwili imefunikwa turubai, moja turubai likateleza. Mimi injini naijua hata gizani.

Shida ni hii, mwaka juzi kuna kijana alienda kuripoti wizi kituo kimoja hivi, jua halijazama wale aliowataja wanamuulizia kijiweni kwa jina lake. Kahama mpaka leo. Mimi nina mke na watoto watatu na huyo jirani tunachota bomba moja. Kunyamaza roho inanisuta maana mmoja wa walioibiwa ni shemeji yangu. Nikipiga 112 namba yangu inaonekana? Au niandike barua? Naomba ushauri siyo matusi.

Kibabu Junior
Kausha mzee. Dagaa wapo, maisha yanaendelea.

BintiUjiji
Shikamoo mzee wangu, samahani lakini umeshajichoma mwenyewe hapa hapa. Choo kinaangaliana na ua, watoto watatu, shemeji aliyeibiwa, guta usiku wa juzi. Jina hujaandika ila jirani yako akisoma hii hata robo saa haimalizi, anajua ni nani. Hariri haraka!

Na hiyo barua sawa, ila kama wewe ndo unaandikaga daftari la rambirambi mtaani basi mwandiko wako unajulikana na kila mtu.

Mzee wa Mwalo
Marahaba binti, umenishtua kweli. Nimeshahariri, baadhi ya vitu hapo juu sasa sivyo vyenyewe, msiniulize vipi.

Karani Mstaafu
Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi (siyo Kigoma), niseme ninachokijua.

Kwanza tofautisha mtoa taarifa na shahidi, watu wengi wanaponzwa hapa. Ukienda kaunta ukaandikisha maelezo na kusaini, hiyo karatasi inaingia kwenye jalada na kesi ikifika mahakamani utaitwa usimame mbele ya huyo huyo jirani. Lakini ukimwambia askari kwa mdomo tu kwamba nenda kaangalie pale, halafu yeye akaenda akakuta mzigo, ushahidi unakuwa ni ule mzigo, hati ya ukamataji, na mwenye injini anayekuja na risiti yenye namba ileile iliyogongwa kwenye injini. Wewe hauhitajiki tena. Na Sheria ya Ushahidi inamlinda askari asilazimishwe kusema taarifa kaipata wapi. Pia ipo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, kutoboa siri ya mtoa taarifa ni kosa. Ila sheria iko kwenye karatasi, bomba la maji mnachangia na jirani, kwa hiyo jilinde mwenyewe kwanza.

Simu. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020. Na hata bila mitambo yoyote, mtu akiwa na namba yako anajifanya anatuma buku kwa simu, jina lako lote linatokea pale kabla hajathibitisha. Usiazime simu ya mtoto wa jirani pia, utamponza asiyehusika.

Ningekuwa mimi ningeruka kituo cha karibu, ningemtafuta mkubwa wa upelelezi wa wilaya au mkoa, mtu MMOJA, uso kwa uso, na siku ambayo una safari nyingine ya kweli mjini. Mwambie wazi wasije kesho yake, na wakija wasinyooke kwenye ule ua peke yake, waanze nyumba nyingine kama msako wa kawaida. Yule kijana wako wa mwaka juzi pengine hata hakutajwa jina, polisi walienda moja kwa moja mahali ambapo watu wawili tu walikuwa wanapajua. Mwizi naye anajua kuhesabu. Na siku ya upekuzi usikubali kuitwa ushuhudie, jina litaandikwa, mwache mwenyekiti wa mtaa.

Ukigundua kuna askari anauza majina kwa hela, hiyo ni rushwa, 113 ya TAKUKURU ni bure.

Fundi Plagi
Mnashangilia tu, mi kaka yangu alipekuliwa saa tisa usiku watoto wanalia kumbe kuna mtu walikuwa wanagombania kiwanja kaenda kupeleka maneno. Hakukutwa hata na kijiko cha wizi. Na huyo aliyepeleka hatumjui mpaka kesho. Siri nzuri ila na fitina inajifichaga humo humo.

Karani Mstaafu
Kweli fundi, na ile sheria ya 2015 inamlinda anayesema kwa nia njema, siyo mzushi. Ndo maana mzee aseme alichoona tu, guta na turubai, asiseme "fulani ni mwizi".

Mha wa London
Huku Uingereza kuna Crimestoppers toka 1988, ni shirika la hisani siyo polisi, unapiga hawakuulizi jina na simu haifuatiliwi. Wazo lilianzia Marekani, mji wa Albuquerque 1976, mtoa taarifa anapewa namba tu, hata zawadi anachukua kwa namba. Uzuri wake anayepokea simu siyo anayekuja kukamata. Kwetu huyo huyo uliyempigia jioni mnakaa naye kwenye kahawa, sasa hapo siri gani.

BintiUjiji
Na zawadi mzee usiulizie kabisa kwa sasa. Mtu akianza kubadilisha bati mwezi huo huo waliokamatwa jirani, mtaa unajumlisha wenyewe.

Mzee wa Mwalo
Nimesoma yote, Mungu awabariki. Hata mama watoto sijamwambia.

Kibabu Junior (wiki tatu baadae)
Mzee vipi, zile injini ziliishia wapi?

Mzee wa Mwalo
Injini gani?