Mhariri anataka niandike "samaki wadogo" badala ya "furu". Nikubali?

Mwanika_Igombe aliandika:

Wanajukwaa, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, naomba mnishauri, hasa ninyi mnaoandika.

Naishi Igombe, huku Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kazi yangu ni dagaa. Mitumbwi ikirudi alfajiri nanunua wabichi kwa ndoo, naanika kwenye chanja, wakikauka nawapeleka Kirumba mwaloni. Anayeijua kazi hii anajua inakwenda na mwezi. Usiku wa giza ndio wa kuvua, maana dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikikomaa taa haina nguvu, wavuvi wanapumzika na sisi wa nchi kavu tunapumzika nao. Siku hizo za mbalamwezi ndizo ninazoandika. Naandika kwenye simu bila bando, nikimaliza sehemu moja naipandisha usiku.

Naipandisha kwenye mtandao mmoja wa waandishi wa Kiswahili. Kila mtu anatoa hadithi yake kwa sehemu, wenzake wanasoma na kuandika maoni chini. Nilijiunga mwaka jana. Sehemu yangu ya kwanza ilisomwa na watu tisa. Wawili waliacha alama ya moyo, mmoja akaandika "hongera dada, endelea". Nilishukuru, ila sikujua niendelee vipi.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonifungua macho. Niliandika kwamba bibi ameanika furu na watoto wanafukuza kunguru, basi, nikaendelea na mambo mengine. Msomaji mmoja wa Tanga, ambaye mpaka leo hatujaonana, akaniandikia: "Ameanika juu ya nini? Watoto nawaona, kunguru nawaona, samaki siwaoni." Nililala na swali hilo. Jibu sikuwa nalo, kwa sababu bibi alifariki mimi nikiwa mdogo sana. Asubuhi nikamuuliza mama. Hakunijibu. Alivaa kandambili zake akasema twende.

Tulipanda nyuma ya mji wetu wa zamani, kwenye yale mawe makubwa, akanionyesha jiwe moja pana, mgongo wake bapa, limeinama kidogo kuelekea ziwani. "Hapa," akasema. "Jua la saa nne likishalipasha, unamwaga furu, unamgeuza mara moja tu." Pembeni mwa jiwe pana kishimo kama bakuli. Mama anasema bibi alikuwa anaweka chumvi humo. Nikaweka kiganja juu ya jiwe. Jua lilikuwa limeshashuka, lakini jiwe bado lilikuwa na moto.

Sehemu ya tatu nikaiandika upya yote. Tangu hapo sijatoa sehemu bila kuulizwa kitu, na mimi nawasoma wenzangu vivyo hivyo. Yupo kijana wa Kigoma anayeandika habari za baba yake fundi wa mitumbwi. Nilimuuliza mbao mbichi inanukaje, akarudi na ukurasa mzima. Yupo mama mmoja muuguzi wa Songea. Nilipougua nikakaa wiki tatu bila kuandika, mama huyo aliichukua sehemu yangu ya saba akaisoma kwa sauti yake, akairekodi, akanitumia. Nikaisikiliza nikiwa nimelala. Kila alipokwama kuvuta pumzi nikajua sentensi ile ni ndefu mno. Kwetu nyumbani hakuna anayesoma hadithi. Hawa wananisoma mpaka mstari wa mwisho, na siku nikichelewa wananitafuta.

Sasa shida yangu. Mtandao una wahariri wa kujitolea wanaochagua hadithi za kuingia kwenye mkusanyo. Yangu imechaguliwa. Nililia, sifichi. Lakini mhariri niliyepangiwa ameirudisha ikiwa na alama nyingi. "Furu" iwe "samaki wadogo". "Mwalo" iwe "bandari ndogo". "Karabai" iwe "taa". "Kokoro" iwe "wavu haramu". La sivyo, niweke maana kwenye mabano kila neno linapotokea mara ya kwanza. Anasema msomaji wa Mombasa au Mbeya ataachwa njiani. Simlaumu hata kidogo, amenisoma kwa makini. Ni yeye aliyegundua kwamba mjomba wangu ana miaka kumi na miwili kwenye sehemu ya pili na miaka tisa kwenye sehemu ya tano.

Karabai sitaipigania sana. Ila furu! Hadithi nzima ni ya furu. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufika miaka ya 1980 alikuwa ameshatawala, furu wakawa wamekwisha. Mama anasema alishuka mwaloni na beseni lake siku tatu mfululizo, akarudi nalo tupu. Jiwe la bibi halikuanikwa kitu tena. Nikiandika "samaki wadogo", dagaa nao ni samaki wadogo, na dagaa ndio wanaonilisha mimi na wanangu mpaka leo. Msomaji atajuaje ni nini bibi alipoteza?

Nimepewa siku sita za kujibu. Naogopa nikikataa nitaonekana sina shukrani kwa watu walionishika mkono. Nifanyeje?

---

Nahodha_Pangani alijibu:

Dada, pole na hongera kwa pamoja.

Mimi ni mtu wa bahari, niko Pangani. Huku nasi tunavua kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo hapo umenigusa. Neno "furu" sijapata kulisikia maishani mwangu mpaka jioni hii. Lakini nimesoma swali lako mara moja tu, na sasa najua ni samaki, wa ziwa lenu, wa kuanikwa juu ya jiwe, na sangara ndiye aliyewapunguza. Mabano hukuweka hata moja.

Sisi wa pwani tunaandika bamvua, tunaandika maji mafu, kusi na kaskazi. Mtoto wa Shinyanga anazisoma shuleni bila kuona bahari, na hakuna aliyetuambia tuzibadilishe. Kwa nini ziwa liombe ruhusa? Usikubali kuliondoa. Mimi nataka kulisoma hivyohivyo.

---

Mwl_Nyakato alijibu:

Mwanangu, nimefundisha Kiswahili miaka mingi hapa Mwanza na nitakuambia mambo mawili ambayo huenda yasikupendeze kwa pamoja.

La kwanza, una haki ya neno lako. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati ya kukisanifisha ilianza kazi mwaka 1930, ndiyo maana maneno ya pwani yanaonekana ni ya wote na ya kwetu yanaonekana ya kijijini. Lakini lugha haikuishia hapo. "Ikulu" ni neno la huku kwetu, la Wasukuma na Wanyamwezi, nyumba ya mtemi. "Kung'atuka" limetoka kwa Wazanaki, ng'ambo ya mashariki ya ziwa hilihili, na Mwalimu Nyerere alilifanya la taifa zima alipoachia urais mwaka 1985. Hakuna gazeti linaloweka mabano baada ya "Ikulu". Yaliingia kwa sababu watu waliyatumia mbele za watu.

La pili, mhariri wako naye ameona kitu. Nimeitafuta hadithi yako nikaisoma usiku huu. Sehemu ya kwanza umeandika: "Bibi aliamka mapema akaenda kununua furu." Msomaji wa Mbeya hapo anaweza kudhani ni mboga, au aina ya kitambaa. Kosa si la neno. Umelileta mikono mitupu. Neno geni likija mara ya kwanza, lilete likifanya kazi: litoke kwenye beseni, lianguke juu ya jiwe, mtoto aligombanie. Jaribu kitu kama hiki: "Bibi alimwaga furu juu ya jiwe, wakatawanyika kama shanga zilizokatika uzi, wa bluu, wa njano, wenye mkia mwekundu, hakuna aliyezidi urefu wa kiganja." Ukishaandika hivyo mara moja, ukurasa wa pili sema "furu" tu, nitakuelewa.

"Kokoro" hivyohivyo. "Wavu haramu" ni lugha ya ripoti ya maofisa. Onyesha watu kumi wanavyolivuta ufukoni na vifaranga vya samaki vikitapatapa ndani yake. Msomaji ataelewa mwenyewe kwa nini limepigwa marufuku.

Na nirekebishe jambo moja kabla halijachapwa. Usiandike kwamba furu walikwisha. Aina nyingi mno zilipotea, hilo ni kweli na ni msiba, lakini wapo waliobaki, na tangu miaka ya 1990 baadhi wameongezeka tena. Watu wa mwaloni watakusoma, na kosa hilo wataliona kabla ya lingine lolote.

---

Mkerewe_Nansio alijibu:

Mwalimu shikamoo. Dada wa Igombe, mimi niko Nansio, kisiwani Ukerewe.

Unamjua mzee wetu Aniceti Kitereza? Alimaliza kuandika riwaya yake ndefu mwaka 1945, kwa Kikerewe, juu ya maisha ya kisiwa hiki. Mchapaji wa kuitoa kwa Kikerewe hakupatikana. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, miaka thelathini na mitano tangu aimalize. Mwaka uliofuata akafariki.

Kila nikipita Nansio nafikiria mzee yule na ule mswada wake. Miaka yote hiyo, nani alimuuliza "ameanika juu ya nini"? Wewe una mtu wa Tanga, una muuguzi wa Songea, una kijana wa Kigoma, na una mhariri aliyehesabu umri wa mjomba wako. Nakuomba usigombane na watu hao, wala usiwaachie waliondoe neno. Zungumza nao. Yote mawili yanawezekana. Na huyo mhariri mpigie simu, usimwandikie. Kwa maandishi, "hapana" inasikika kali kuliko unavyoisema kwa mdomo.

Halafu weka nakala za hadithi yako mahali pengine nje ya mtandao huo. Simu ikitumbukia ziwani usipoteze miezi yote hiyo. Mimi nilipoteza.

---

Mwanika_Igombe alijibu:

Nahodha asante sana. Mwalimu shikamoo, na asante kwa kuisoma usiku huohuo, sikutegemea. Mkerewe, nakala nimeshamtumia mdogo wangu aliyeko Nyegezi azihifadhi kwenye kompyuta yake.

Mwalimu, sentensi yako niliipenda nikamsomea mama. Akatikisa kichwa. Akasema ukiwamwaga tu ndiyo, wana rangi zote hizo, lakini rangi haikai. Jua likiwapiga wote wanakuwa wa kijivu, huwezi tena kujua yupi alikuwa wa bluu. Akasema yeye na dada zake walikuwa wanakimbilia jiwe mapema ili wawaone kabla rangi haijaondoka, na bibi alikuwa anawaacha waangalie kidogo kabla hajaanza kuwafukuza waende shule. Hilo mama hajawahi kunisimulia tangu nizaliwe.

Kwa hiyo mwanzo nimeubadilisha, sasa uko hivi:

"Bibi aliinamisha beseni, furu wakamwagika juu ya jiwe. Tulikuwa na muda mfupi. Wa bluu alikuwa wangu, mwenye mkia mwekundu wa Kabula, na wale wa njano hatukuwagombania kwa sababu walikuwa wengi. Kisha jua likapanda, na mmoja mmoja wakaanza kufanana."

Naona sina haja ya kumweleza mtu furu ni nini baada ya hapo. Mwalimu, uniambie kama nimekosea.

Pale nilipoandika kwamba walikwisha nimeandika "tukaacha kuwaona". Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na sidhani kama mtu wa mwaloni atabisha.

Mhariri nimempigia leo mchana. Nilikuwa natetemeka. Nikamsomea mwanzo mpya kwenye simu, akanyamaza, kisha akaomba nirudie sentensi ya mwisho. Furu amekubali abaki, bila mabano. Mwalo pia. Kokoro bado hatujaelewana, anataka aone kwanza nitakavyoandika ule uvutaji, na nadhani ana haki. Karabai nimemwambia achague yeye, akasema iache, ni neno zuri kulisikia.

Aliniuliza pia kama lile jiwe lipo bado. Nikamwambia lipo. Akaomba picha, si ya kuchapa, ya kuangalia yeye tu. Kesho asubuhi nitapanda nikampigie.

Nahodha, nina swali kwako. Mbalamwezi ijayo nataka kusoma kitu chako. Umesema bamvua na maji mafu, lakini hukusema mtumbwi unakaaje maji yakishakupwa. Unainama? Unakaa wima? Mimi nimezoea ziwa, na maji yetu hayaondoki mtu akayasubiri yarudi, kwa hiyo picha hiyo sina kabisa. Iandike, hata mistari kumi, nitaisoma.

Naishia hapa, mama ananiita. Mawingu yametokea upande wa ziwani na chanja tatu ziko wazi.