Nimempa Mkorea supu ya mwani, hakuigusa. Nimekosea wapi?

BintiWaMoshi:
Wadau habarini. Niko Busan, Korea Kusini, nasoma. Jumatano ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Saa moja asubuhi mama mwenye nyumba, ninayemwita halmoni, yaani bibi, kanigongea na sufuria inafuka moshi: miyeokguk, supu ya mwani na nyama ya ng'ombe. Kabla sijaonja akaniuliza, "Umempigia mama yako?" Nikashangaa, mama anaingiaje hapa?

Supu ni tamu jamani, ila ina utelezi kama mlenda. Ikabaki nyingi. Jioni nikampelekea mwenzangu wa darasani, Mkorea, alikuwa anakesha na vitabu maana kesho yake ana mtihani. Kafungua kopo, kachungulia, kafunika. Akashukuru kwa mikono miwili, kisha akalisukuma hadi mwisho wa meza. Tangu hapo nimekosa amani.

FundiAnsan:
Hahaha, dada, umempelekea mwenzio kufeli kwenye kopo! Mwani unateleza, na anayeula kabla ya mtihani anateleza nao. Nilifanya kazi kiwandani Ansan miaka mitatu, pale mtu akisema "nimekula miyeokguk", jua amefeli. Wa mtihani hupewa vitu vya kunata: yeot, ile peremende ya nafaka, au chapssaltteok, vikeki vya mchele unaonata, ili ang'ang'anie kwenye chuo anachokitaka. Mnunulie yeot, yaishe.

MamaPacha:
Hilo la mtihani ni utani nusu, imani nusu. La mama ndilo zito. Mimi nimezaa hukohuko, mume wangu Mkorea. Chakula cha kwanza baada ya kujifungua kilikuwa hiyo supu, na nikaila asubuhi, mchana na jioni, wiki tatu. Mama mkwe hakusikiliza maombi. Wanasema inarudisha damu na kuleta maziwa. Mwani una madini ya joto na kalsiamu, hilo kweli. Zamani bakuli la kwanza la supu na la wali vilitengwa kwanza kwa Samsin Halmoni, bibi wa kimila anayelinda uzazi na watoto, ndipo mzazi anakula.

Kwa hiyo siku yako ya kuzaliwa unakula alichokula mama yako akiwa bado na maumivu yako. Ndiyo maana bibi aliuliza kuhusu simu. Wewe wa Moshi, ona hivi: ni kama kila mwaka siku hiyo ungepikiwa mtori wa mzazi.

Ukipika mwenyewe, gramu 20 za mwani mkavu zinatosha watu wanne. Mimi mara ya kwanza niliroweka pakiti nzima, nikarudi jikoni nikakuta umejaa beseni na unamwagikia kwenye sinki. Roweka nusu saa, kamua, katakata. Kaanga nyama na mwani kwa mafuta ya ufuta, tia maji, sosi ya soya ya supu na kitunguu saumu, acha ichemke taratibu. Kitunguu maji usitie, mama mkwe atakutazama.

MwanaJambiani:
Je, mwani wetu wa Unguja unafaa? Bi mkubwa analima, kamba zimejaa.

MamaPacha:
Huo ni jamii nyingine kaka, ile spinosum na kotonii inayosafirishwa kwenda kutengenezewa vya kugandishia vyakula. Miyeok ni mwani wa kahawia, majani mapana, wa maji ya baridi.

BintiWaMoshi:
Asanteni. Nimempigia mama. Kanisikiliza hadi mwisho, kisha kauliza kama kweli nimekula majani ya baharini kwa hiari yangu. Halafu akaanza kunisimulia usiku alionizaa, mvua ilivyonyesha na gari lilivyokwama njiani. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia.

Yeot nimempelekea, kacheka sana, ila mtihani alikuwa ameshafanya. Matokeo Ijumaa. Akifeli nahama darasa.