Naomba ushauri wa gari: Probox, Fielder au Wingroad? Nina milioni 12, njia yangu ni Mtwara–Newala

BintiChuno:
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni.

Nina duka dogo la pembejeo hapa Mtwara mjini, na kwetu ni Newala. Kila wiki napandisha mzigo juu mara moja, msimu wa kupulizia mikorosho hata mara mbili. Ni mifuko ya salfa ya kilo 25, kumi au kumi na miwili, pamoja na madumu ya dawa za maji. Kurudi nashuka na mama. Mama ana miaka 71, magoti yamechoka, na kila mwezi ana kliniki hospitali ya Ligula, Mtwara.

Mpaka sasa mzigo nautuma kwa magari ya watu na mama namleta kwa gari la abiria. Mwezi uliopita tulibanwa wanne kwenye siti ya watatu, Newala mpaka stendi. Tulipofika mama alishindwa kunyoosha mguu wa kushoto. Konda akambeba mgongoni, na mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga asionekane. Usiku ule nilihesabu akiba yangu yote.

Ipo milioni 12, sitaki mkopo. Nataka gari la petroli lenye buti refu, siti za nyuma zilale nipakie, zikisimama mama akae vizuri. Nimeonyeshwa matatu. Probox ya 2006 iko Masasi, anataka 11.5. Fielder ya 2004, chesesi inaanza na NZE121, iko hapa hapa Mtwara kwa milioni 10. Wingroad ya 2007 iko Lindi, dalali anasema hata 8.5 inatoka.

Lipi litanifaa kwa njia ile? Na nikague nini? Mume wangu yuko kazini Kilwa, nitakwenda kuangalia mwenyewe.

DerevaMasasi:
Probox. Mimi natembea Masasi, Nachingwea mpaka Ruangwa mwaka wa sita sasa na sijawahi kulala njiani kwa sababu ya injini. Spea zake zipo hadi vijijini. Hakikisha tu ni ya injini ya lita 1.5 (chesesi NCP51), si ya 1.3 (NCP50). Ukiwa na kilo 300 nyuma, ile ya 1.3 kwenye kupanda inalia na mafuta inakunywa yale yale.

MzawaMikindani:
Dada, pole kwa mama. Mimi nasema Fielder, kwa ajili yake. Umewahi kukaa siti ya nyuma ya Probox ya mzigo? Ni benchi. Mgongo umesimama wima, godoro jembamba, na magoti yanagusa siti ya mbele kwa sababu siti nzima imesogezwa mbele ili nafasi ibaki kwa mzigo. Mtu mzima mwenye magoti mabovu kukaa pale saa tatu za vumbi ni mateso mengine.

KakaNachingwea:
Nunua kirikuu kwa mzigo, mama akodiwe teksi mara moja kwa mwezi.

BintiChuno:
Asante kaka. Nililipigia hesabu hilo. Kirikuu kinabeba watu wawili tu, na mama akiumwa ghafla usiku Newala sina pa kumlaza. Nataka gari moja lifanye yote.

FundiMajengo:
Dada, niko kwenye gereji miaka 14 hapa Mtwara, na haya magari matatu yote yamepita mikononi mwangu. Nitaandika kwa urefu maana hela yako ni ya jasho.

Kwanza Wingroad. Gari si baya, lakini za umri huo nyingine zina gia boksi ya kawaida, nyingine CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia. CVT ya Nissan ina oili yake, NS-2, na wengi wametiliwa oili ya gia ya kawaida kwa kuokoa pesa. Ikishaharibika, spea utaagiza Dar na kusubiri basi. Kwa mtu anayeishi kwa safari za kila wiki, mimi ningeiacha.

Fielder NZE121 na Probox ya 1.5 injini ni ile ile, 1NZ. Inatumia cheni, si mkanda, kwa hiyo hakuna habari ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita kadhaa. Oili ikibadilishwa kwa wakati inaishi muda mrefu mno. Ila soma kadi vizuri: ikiandikwa ZZE122 hiyo ni 1.8 yenye injini ya 1ZZ, na za miaka ile nyingi zinakula oili. Na wakikuletea Fielder mpya kidogo ya NZE141, ujue ya otomatiki inayovutwa na magurudumu mawili ina CVT.

Sasa kukagua. Nenda alfajiri, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, ameliamsha mapema kuficha kitu. Geuza ufunguo bila kuwasha: taa ya injini lazima iwake, kisha izime gari likishawaka. Isipowaka kabisa mtu ameikata, na hapo kuna ugonjwa amekuachia wewe. Likiwaka, sikiliza sekunde za mwanzo. Mlio mkavu kama cherehani upande wa cheni ni dalili ya gari lililotembea na oili chafu. Fungua mfuniko wa oili, ukikuta utando kama maziwa maji yameshaingia.

Kanyaga breki, weka D, halafu R. Gia ikichelewa kisha ikaja na kishindo, gia boksi imechoka. Kata usukani mpaka mwisho, zungusha gari polepole kulia na kushoto: kak-kak-kak ni jointi za mbele. Hizo zinarekebishika, unapunguza bei tu.

Halafu kutu. Hili ndilo linalotuumiza sisi wa pwani kuliko injini. Gari lililolala miaka Shangani au Mikindani linapata hewa ya chumvi usiku na mchana. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, chungulia shimo lake. Lala chini na tochi. Ukiona chini kumepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa, gonga kwa mpini wa bisibisi kila mahali, hasa sehemu jeki inapokaa na pale shokapu za nyuma zinapofungwa. Bati zima linalia, bati lililooza linanyamaza.

Na usiimalize milioni 12 kwenye kununua. Bakiza moja ya oili zote, breki na tairi.

MzeeNangurukuru:
Binti yangu, nyongeza mbili. Vuta mikanda ya siti mpaka mwisho wake. Gari lililozama kwenye mafuriko husafishwa kila mahali, ila mkanda ule wa ndani hubaki na mstari wa tope. Mwaka 2024 nililichukua la kwangu Dar kwa haraka, kimbunga Hidaya kikakata barabara huku Somanga mwanzoni mwa Mei, nikakaa njiani siku kadhaa. Katika kukaa ndipo nilipovuta mkanda na kuona mstari huo. Nilikuwa nimeshalipa.

Pili ni karatasi. Kadi iwe na jina la anayekuuzia, ukaione yenyewe, si picha ya simu. Watu hukopea kadi. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa TMS uone faini alizoacha, na uliza madeni ya maegesho. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, uhamishe jina TRA mara moja.

Msomaji_Tandahimba:
Kwa nini asiagize Japani moja kwa moja? Ni safi zaidi.

MzeeNangurukuru:
Kwa milioni 12 haitoshi, ndugu yangu. Gari likishavuka miaka 8 lina ushuru wa uchakavu, likivuka 10 unapanda tena, na hizi anazozitafuta zote zimevuka. Weka kwenye kikokotoo cha TRA uone.

BintiChuno:
Jamani, nimerudi. Leo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwa mwenye Fielder. Boneti ilikuwa ya baridi, injini imewaka vizuri, gia laini, nikaanza kufurahi. Ndani inapendeza, nikajaribu siti ya nyuma nikamwona mama pale.

Kisha nikainua zulia la buti. Chini ya tairi la akiba palikuwa na karatasi ya nailoni imebandikwa kwa gundi. Nikaibandua. Nikaona mchanga wa uani kwake kupitia tundu la kuingia vidole vitatu, na pembeni bati linamomonyoka kama mkate mkavu. Harufu ya salfa ikanipiga. Kumbe naye alikuwa anabebea salfa. Nilimuuliza kwa upole, akasema "hapo ni kuchomelea tu dada".

Nimekosa nguvu. Fielder imeniponyoka na Probox mnasema ni benchi. Nifanyeje?

FundiMajengo:
Umefanya vizuri sana kuibandua ile nailoni. Usirudi pale. Salfa ikimwagika, ikapata unyevu, inatengeneza asidi na kula bati taratibu. Ikikutana na hewa ya chumvi ndiyo hayo uliyoyaona.

Sasa nikuambie jambo ambalo wengi hawalijui. Probox na ndugu yake Succeed zilitoka za aina mbili. Ya mzigo ndiyo hiyo NCP51 yenye benchi. Kiwandani imepangiwa kilo 400 mkiwa wawili, 250 mkiwa watano. Lakini mpaka 2013 ilikuwepo pia ya abiria: namba ya chesesi inaanza na NCP58, au NCP59 ikiwa inavutwa na magurudumu yote manne. Kwa nje ni pacha. Ndani, siti ya nyuma ni nene, ina sehemu ya kuegemeza kichwa, imerudishwa nyuma magoti yapate nafasi, na bado inalala ukitaka kupakia. Injini ile ile 1NZ, ufundi ule ule, spea zile zile. Siku za mzigo chukua mifuko tisa au kumi, usisindilie.

Wauzaji wengi hawajui tofauti, wanaziuza bei moja. Mwambie dalali akutumie picha ya kadi, usome herufi za mwanzo za chesesi.

DerevaMasasi:
Hilo nakiri sikulijua, na ya kwangu nimeangalia sasa hivi, ni NCP51. Dada, kuna Succeed ya mwalimu mmoja Mnazi Mmoja, njia panda ya Mingoyo. Ana familia, hajabebea mzigo. Nitamuuliza.

MzawaMikindani:
Na likipatikana usiwaruhusu wakunyanyulie gari kwa spesa nene (vipande vya kuinua springi) eti barabara mbaya. Shafti zinakaa kwa pembe, mipira inapasuka, vumbi la Tandahimba linaingia, jointi zinakufa. Shokapu nzima na tairi nzuri zinatosha.

BintiChuno:
Wakuu, ni wiki tatu sasa, naleta mrejesho.

Ile Succeed ya Mnazi Mmoja ni NCP58 kweli. Nililala Lindi kwa dada yangu ili niwahi alfajiri. Boneti baridi, taa ya injini ikawaka na kuzima, mikanda nilivuta yote minne mpaka mwisho, misafi. Nililala chini kwa tochi na bisibisi mpaka mwalimu akaniletea mkeka. Kutu ya juu juu kwenye ekzosi tu. Jointi ya kulia ilikuwa inalia, mpira mmoja wa shokapu umekufa, tairi mbili za mbele zimekwisha. Alitaka 11.4, tukaelewana 10.7 kwa hayo matatu. TMS ilionyesha faini moja, akailipa mbele yangu. Wakili, mkataba, jina limeshahamia kwangu.

Matengenezo kwa FundiMajengo yamekula laki nane na nusu pamoja na tairi. Mtwara mpaka Mnivata kwenye lami linateleza. Mbele ya hapo, kwenye vumbi na michepuko, nakwenda 40 na halipigi chini. Safari ya kwenda na kurudi natumia mafuta pungufu ya nilivyoogopa, kama lita moja kwa kilomita 13.

Juzi nimeshuka na mama kliniki. Alikaa nyuma upande wa kushoto, mguu ameunyoosha juu ya siti na mto chini ya goti. Tandahimba nikamuuliza kama tupumzike, akasema twende tu. Ligula alishuka mwenyewe, ameshika mlango.

Nina maswali mawili, fundi. Salfa nipakieje ili mama asiinuse na bati lisiliwe? Na asubuhi nikiwasha nasikia kitu kinatetemeka chini ya dashibodi, kikipata moto kinaacha.

FundiMajengo:
Hongera dada, na mpe mama salamu.

Salfa: toa zulia la buti, tandika turubai zito moja lisilo na tundu, kingo zake zipande pembeni mpaka usawa wa dirisha. Kila ukishusha mzigo, toa turubai nje likung'utwe, usilikung'utie ndani. Kabla ya kumpakia mama, futa kwa kitambaa kibichi kisha kikavu, uache milango yote mitano wazi nusu saa. Mara moja kwa mwezi osha chini kwa maji ya bomba, siyo ya kisima chenye chumvi.

Mtetemo huo nadhani ni mpira mmoja wa kushikilia injini. Niletee Jumamosi saa moja asubuhi, lakini uje nalo kwa kuvutwa au nije mimi kwako Chuno, maana nataka kuusikia injini ikiwa bado ya baridi.

BintiChuno:
Njoo Chuno, fundi. Chai itakuwa tayari.