Shule imempanga mtoto mkondo wa sanaa kwa wastani wa jumla, amenyimwa Fizikia na Kemia. Nianzie wapi?

Mlezi_Kanda ya Kati
Wakuu, habari za jioni. Binti ninayemlea yuko shule ya kata, kutwa, mtaala wa zamani. Matokeo ya Kidato cha Pili: Kiswahili B, Kemia, Biolojia na Historia C, Fizikia, Jiografia, Uraia na Kiingereza D, Hisabati F. Shule imepanga kwa wastani wa jumla: 45 wa juu ndio mkondo A wenye Fizikia na Kemia, mikondo B, C na D ni sanaa tupu. Yeye kaangukia C, na anataka uuguzi. Mwalimu wa taaluma anasema akasome sanaa asije akapata divisheni ziro Kidato cha Nne. Niende na hoja gani? Na shule yenyewe haina maabara ya kueleweka.

Chaki Nyeupe
Mkuu, hoja ya ziro ipigie hesabu mbele yao. Divisheni ya Kidato cha Nne inatokana na masomo saba bora, A ni pointi 1 mpaka F pointi 5. Chukua matokeo hayo hayo yajirudie. Akiwa sanaa na masomo saba ya lazima tu: 2+3+3+4+4+4+5 = 25, yaani divisheni III ya ukingoni kabisa, maana F ya Hisabati inalazimika kuingia. Akiwa na Kemia na Fizikia anafanya tisa, F inatupwa nje: 2+3+3+3+4+4+4 = 23. Sayansi inampandisha. Hata Fizikia ingekuwa F, bado kuna Kemia.

Watakwambia ataongezewa somo la biashara au fasihi. Sawa, muulize nani analifundisha.

Sasa F ya Fizikia inamuumiza nani? Shule. Ingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), fungua matokeo ya shule hiyo ya mwaka uliopita, shuka mpaka jedwali la chini. Kila somo lina waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu na GPA (wastani wa pointi), ambapo namba ndogo ndiyo nzuri. Orodha ya shule kumi bora haitangazwi tena tangu 2023, ila hizo GPA bado zinasomwa kwenye vikao vya tathmini. Ukikuta waliofanya Fizikia ni 38 na waliofanya Uraia ni 170, umeshaelewa mchujo ulivyo. Chapisha ukurasa huo uende nao.

Kalamu ya Bluu
Kwa uuguzi hapo hakuna mjadala. Stashahada inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima kuwe na Kemia, Biolojia na Fizikia. Ufaulu maana yake D. Kwa hiyo D yake ya Fizikia, ambayo shule inaiona aibu, ndiyo tiketi yake. Tabibu naye anaulizwa masomo hayo hayo matatu. Akimaliza Kidato cha Nne bila hayo, itabidi ayafanye baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hapo atatafuta kituo chenye maabara na kulipa kila kitu mfukoni.

Tumaini_K
Mbona asichukue tu sanaa, aende EGM ya Kidato cha Tano (Uchumi, Jiografia, Hisabati) akawe mhasibu? Uuguzi siyo kila kitu.

Chaki Nyeupe
EGM na Hisabati F? Dada, M ya hapo ni Hisabati.

Mwl. Mstaafu
Kosa la shule ni kigezo. Wastani wa jumla wa Kidato cha Pili unapima Kiingereza kuliko unavyopima sayansi. Aliyetoka msingi wa Kiswahili anabadilishiwa lugha ghafla Kidato cha Kwanza; mwenzake wa mchepuo wa Kiingereza, mwenye tuisheni na vitabu nyumbani, anaendelea alipoishia. Baada ya miaka miwili unawapanga foleni moja na kusema huyu ana akili, huyu hana. Kisha mwalimu mzuri wa Hisabati anapewa mkondo A, na pengo linakuwa kubwa zaidi.

Usiende kulalamika kwa mdomo. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule, nakala kwa mwenyekiti wa bodi. Omba jambo moja tu: apangwe kwa alama za somo husika, yaani Kemia C, Biolojia C, Fizikia D. Usiombe ahamishiwe mkondo A, maana watajibu umejaa. Omba aruhusiwe vipindi vya Fizikia na Kemia. Hata akibaki mkondo C, ratiba inaweza kupangwa avifuate. Ngoja wiki mbili, bila jibu nenda kwa afisa elimu kata, kisha afisa elimu sekondari wa halmashauri. Ukichelewa mpaka masomo yasajiliwe NECTA, barua haitasaidia.

Ukiombwa pesa za "mchango wa sayansi", dai maelezo kwa maandishi. Ada ya kutwa, 20,000, ilifutwa tangu Januari 2016.

Mlezi_Kanda ya Kati
Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa. Wakigoma kabisa, uhamisho?

Mwl. Mstaafu
Marahaba. Unawezekana. Anza na shule unayotaka: mkuu wake akubali kwa maandishi kwamba ana nafasi na anafundisha masomo hayo matatu. Ndipo mkuu wa sasa aidhinishe, halafu halmashauri. Hakikisha rekodi yake ya PReM (mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi) imehama, isibaki mwili huku jina kule. Pima na nauli: kilomita 12 kila siku zinaweza kumla zaidi ya mkondo C.

Fizikia Mtaani
Kuhusu maabara: Fizikia nyingi inafanyika nyumbani. Mfano pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye uzi, ya kutafuta g (mchapuko wa mvutano wa dunia): uzi, nati nzito, rula, simu ya kuhesabu sekunde. Urefu wa 40, 60, 80 na 100 sm, kila mmoja ahesabu kwenda na kurudi mara 20. Kwa sm 100 itakuja kama sekunde 40. Achore grafu ya muda wa kwenda na kurudi mara moja, ukiwa kipeo cha pili, dhidi ya urefu kwa mita. Mteremko uwe karibu na 4.

Wanapokosea: wanapima uzi mpaka kwenye fundo badala ya katikati ya nati, au wanaachia na kusema "moja" badala ya "sifuri". Hilo la pili linakupa mara 19 ukidhani 20, na g inapanda karibu 11.

Kemia huwezi kuibuni, inataka bureti (mrija wenye vipimo wa kudondoshea kimiminika). Mwombe mkuu wa shule aandikie shule jirani yenye maabara, Jumamosi mbili kwa mwezi. Akifika huko: asome chini ya mbonyeo wa maji, jicho usawa wake, na jibu la kwanza la kukisia asiliingize kwenye wastani.

Chaki Nyeupe
Na wadogo zake walioanza na mtaala mpya wasinakili uzi huu. Kule kuna mkondo wa jumla na wa amali, na masomo ya lazima ni mengine.